Nawezaje kujifunza haraka kutambua saratani ya ngozi? Niko kisiwani, nina wiki moja

Tabibu_Kisiwani: Wakuu, shikamooni wakubwa. Mimi ni tabibu wa zahanati huku Ukerewe. Chuoni ngozi tuliipitia mbiombio: upele, fangasi, ukoma kidogo, basi. Mwenye kitabu au anayejua kozi fupi anisaidie. Msinicheke.

Jiwe_Bismarck: Ngoja waje wataalamu. Nimekaa hapa natafuna furu.

Mzee_Kirumba: Kozi ipo Moshi, pale hospitali ya KCMC. Kituo cha mafunzo ya ngozi kipo tangu 1992, matabibu kama wewe wanapiga miaka miwili. Binamu yangu alisoma pale, akapata mke hukohuko, sasa Krismasi tunamsikia kwenye simu tu. Ila wiki moja? Hata bodaboda hujui kwa wiki moja.

Mama_Kofia: Mdogo wangu ana ualbino. Kidonda cha sikio kilipakwa dawa ya fangasi miezi minne, hadi nesi mmoja mgeni aliposema hiki kikatwe kipimwe. Sikio nusu limeenda. Kidonda kisichopona, kikiguswa damu, usiandike mafuta ya kupaka, baba.

Nesi_Buzuruga: Kwa nini wiki moja?

Tabibu_Kisiwani: Kuna mgonjwa anarudi Jumatatu.

Nesi_Buzuruga: Ana nini, na umemfanya nini?

Tabibu_Kisiwani: Mzee mvuvi. Doa jeusi chini ya kisigino, lilikuwa linatanuka. Nikajua ni sugu iliyovilia damu. Nikalikata. Pamekauka vizuri tu.

Nesi_Buzuruga: Nyama uliyokata iko wapi?

Tabibu_Kisiwani: Ilienda shimoni na taka nyingine. Formalini ya kuhifadhia nyama ya kupimwa sina, nyie mnaongea kama kila zahanati ina maabara! Halafu mzee alikataa katakata kuvuka kwenda Mwanza. Ni baba mkwe wangu, ningembeba?

Jiwe_Bismarck: Umemkata mkwe na mahari hujamaliza 😂😂

Mzee_Kirumba: Bob Marley naye ilianzia kidole cha mguu. Watu wakasema kaumia mpirani. 1981 tukamzika.

Jiwe_Bismarck: Tukamzika na nani, mzee?

Mpelelezi_Huru: Mnanyweshwa chai hapa. Huyu mwezi wa tatu alifungua uzi anauza injini ya mtumbwi, akajiita mvuvi. Leo tabibu. Mwezi ujao rubani.

Tabibu_Kisiwani: Injini ni ya mzee. Nilimwandikia mimi. Anauza kwa sababu mguu haukanyagi.

Nesi_Buzuruga: Kumbe tangu mwezi wa tatu. Sikia, kaka. Kwetu watu weusi saratani hiyo ya doa jeusi hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali ambapo hakuna anayemvua mgonjwa viatu kutazama. Kovu linaweza kukatwa tena, hospitali ya Bugando, Mwanza, wakalipima. Umemshika kinena? Ana mtoki?

Tabibu_Kisiwani: Dada, mkwe nitamshikaje kinena?

Nesi_Buzuruga: Wembe ulimshikiaje?

Mpelelezi_Huru: Kimya. Nilisema chai.

Tabibu_Kisiwani: Nilikwenda kumuuliza mama mkwe. Anasema uvimbe upo tangu Pasaka, hauumi, ndiyo maana hawakuniambia. Basi Jumatatu akija nitamshawishi apande meli.

Nesi_Buzuruga: Kesho. Na wewe upande naye, uwaeleze ulikata lini na ulikata wapi.

Jiwe_Bismarck: Pole sana, mkuu. Injini bado ipo?