Tupeane uzoefu: aishedo na lipstiki za rangi tulivu, ipi imekukubali?

Binti Ngamiani

Asalaam aleikum, na habari za kutwa kwa wote. Leo tuzungumzie rangi tulivu za macho na midomo: kahawia, karameli, shaba, tofali, waridi lililokolea. Zile ambazo mtu anaona umependeza kabla hajaona umepaka. Wengi wetu hapa Tanga ndizo tunazozitaka za kuendea kazini, chuoni, kwenye maulidi, hata shughuli ya mchana. Na kuzipata ni kazi kuliko kupata nyekundu, maana inayomtulia shoga yako mweupe inaweza kukutoa wewe kijivu.

Tupeane uzoefu basi. Taja rangi ya ngozi yako, ulijaribu nini, kipi kimekukubali na kipi kimekukataa, na hili joto letu kimelihimili vipi.

Naanza mimi. Ni maji ya kunde, ngozi ina unjano kwa ndani, na kope zangu zina mafuta. Enzi zile ile paleti (kisanduku cha rangi nyingi za macho) ya kwanza ya Naked, ya kampuni ya Urban Decay, inavuma, dada yangu aliye Muscat aliniletea. Ilitoka mwaka 2010, ina rangi 12, na kampuni iliacha kuitengeneza 2018. Kwangu Half Baked, ile dhahabu, ilikaa vizuri mno. Smog, ya shaba, ndiyo niliyoimaliza. Buck, kahawia isiyong'aa, niliitumia mpaka kwenye nyusi. Lakini zile nyepesi za upande wa mwanzo zilikaa kisandukuni zikiwa nzima: moja haionekani kabisa, nyingine inatoa weupe wa chaki. Toka hapo paleti nikiishika mkononi nahesabu kwanza ngapi ndani yake zitanitumikia mimi. Zikiwa nusu, narudisha.

Mpambaji wa Makorora

Binti, umegusa penyewe. Napamba maharusi, na hili la kijivu ndilo ninaloulizwa kuliko yote, kwa hiyo nivumilieni nielezee.

Geuza boksi usome viambato. Kahawia, tofali na njano za aishedo nyingi ni oksidi za chuma, na kila rangi ina namba yake inayoanza na CI: CI 77491 ni nyekundu, CI 77492 njano, CI 77499 nyeusi. Ni jamaa wa kutu hii inayokula mabati yetu ya pwani. Kiwanda kikitaka rangi iwe nyepesi kinaongeza titani dioksidi, CI 77891, ambayo ni nyeupe pepe, na mara nyingi talki ya kujazia. Huo weupe ukikaa juu ya ngozi nyeusi ndio unaoleta ujivu. Ndiyo maana paleti mbili zinafanana kisandukuni, zikifika kwenye kope zinaachana kabisa.

Sasa kujaribu. Usijaribu aishedo mgongoni mwa mkono ukaridhika. Kope ina weusi wake na mafuta yake, haifanani na mkono. Kama duka halikuruhusu kugusa kope, na kwa usafi ni sawa wasikuruhusu, paka ndani ya mkono karibu na kiwiko, kisha toka nje mlangoni. Taa nyeupe za madukani zinaua unjano, ukifika juani rangi ni nyingine. Mimi bibi harusi wa majaribio namkalisha barazani. Nikishapaka namwambia afumbe macho, afumbue, aangalie chini. Rangi iliyokubali, jicho likiwa limefumbwa unaiona imeungana na ngozi pembeni bila mstari. Iliyokataa inaacha ukingo, kama kiraka kilichoshonewa kwa uzi wa rangi nyingine.

Utaratibu wangu wa joto la kaskazi, mwezi wa kwanza na wa pili, mtu akae chini ya turubai kuanzia adhuhuri: konsila (krimu ya kuficha madoa) ya rangi ya kope yenyewe, siyo nyeupe kuliko kope, kidogo sana, igongwegongwe kwa kidole mpaka iishe. Poda juu, kidogo. Kisha kahawia iliyozidi ngozi yake kidogo tu kwenye mkunjo, ikisambazwa kwa brashi laini. Katikati ya kope shaba au dhahabu, kwa kidole au brashi iliyonyunyiziwa maji ili ishike. Wanja wa kahawia iliyoiva badala ya mweusi. Basi. Ukijaza tabaka nne za konsila, kufika saa kumi yote imekusanyika kwenye mkunjo, na hapo hata kope za bandia hazikuokoi.

Kwa weusi tii naishika kampuni ya vipodozi ya Juvia's Place. Ilianzishwa mwaka 2016 na Chichi Eburu, Mnaijeria aliyehamia Marekani, na rangi zao zimeshiba kutoka mkono wa kwanza. Ile paleti yao ya Nubian, rangi 12 nyingi za joto, karibu yote naitumia. Kwa mtu mweupe napaka kwa mkono mwepesi, inakaa vilevile.

Mwana Chuda

Mweusi tii hapa. Nubian imenikubali yote. Shaba yake ile, weee! Sina la kuongeza.

Mama Mapacha

Mmeongea macho, mimi nije na midomo maana ndiko kwenye shida yangu.

Mdomo wangu wa juu ni mweusi, wa chini una upinki katikati. Najua tuko wengi. Lipstiki tulivu ya aina moja ukiipaka kote, juu inaonekana zambarau, chini inaonekana pichi, unakuwa na midomo miwili isiyojuana. Velvet Teddy, lipstiki ya kampuni ya MAC ambayo kila mtu anaisifu, nikiipaka peke yake iko hivyo. Ni rangi ya mchanga iliyokolea, isiyong'aa, nzuri sana, ila inataka uiandalie.

Kinachonifaa ni penseli ya mdomo kwanza. Chestnut ya hao hao MAC ni kahawia yenye wekundu, na kwa ngozi zetu haijawahi kuniangusha. Nachora ukingo, halafu mdomo wa chini naujaza wote kwa penseli, wa juu najaza pembeni tu. Hapo sasa midomo yote ina rangi moja ya chini. Juu yake Velvet Teddy kidogo katikati, nabana midomo, naifuta kidogo kwa tishu. Siku nikiwa sina haraka naweka na lipshaini. Gloss Bomb ya Fenty Beauty ya Rihanna, ile rangi yao ya Fenty Glow waliyoanza nayo 2017, ni waridi lenye ukahawia na vimeta vidogo, na inakubali watu wa rangi nyingi sana. Dada yangu ni mweupe, mimi mweusi, mama yetu maji ya kunde, tukaipaka wote siku ya Idi na kila mmoja ikamtoa kivyake.

Na wala si lazima MAC. Penseli za kahawia za maduka ya Ngamiani za bei ya chini zipo zinazofanya kazi ileile. Ichore mkononi, subiri kidogo, isugue kwa kidole. Ikibaki kahawia, chukua. Ikigeuka chungwa, iache.

Mgosi wa Bandarini

Samahanini dada zangu, mwanaume naingilia. Nataka kumnunulia mama watoto paleti ya hizo rangi, yeye ni maji ya kunde ila sijui kama wa njano au wa nyekundu. Nisije nikaleta kitu kikakaa kabatini.

Mpambaji wa Makorora

Karibu kaka, umefanya la maana kuuliza. Usianze na paleti. Fungua pochi yake ya mekapu, tazama ipi imechimbika mpaka bati linaonekana. Hiyo ndiyo rangi yake. Ipige picha pamoja na jina la nyuma, nenda nayo dukani. Kama hana aishedo, mnunulie penseli ya mdomo ya kahawia na lipshaini isiyo na rangi kali. Hivyo haviwezi kumkataa.

Mgosi wa Bandarini

Nimeona. Iliyochimbika ni ya shaba. Ahsante sana, Mungu awabariki.

Binti Pongwe

Naomba kuuliza. Lipstiki yangu ya kahawia naiweka kwenye mkoba, nikiifungua mchana ina vitone vya maji juu. Imeharibika?

Mama Mapacha

Hiyo ni jasho lake, mwanangu, wala siyo maji. Lipstiki ni nta na mafuta, na mafuta ya nyonyo ndiyo hutumika sana. Joto likipanda mafuta yanajitenga na nta yanapanda juu. Isimamishe mahali pa baridi, yale matone yafute kwa tishu taratibu, itarudi. Ila inuse. Ikiwa na harufu ya mafuta yaliyochacha, tupa. Na usiiache kwenye gari, wala juu ya kabati lililo chini ya bati.

Ukhti Mikanjuni

Wa aleikum salaam. Mimi najibia upande wa dini kidogo, kwa anayejali.

Lipstiki na aishedo nyingi za waridi na nyekundu iliyokolea huwa na karmini. Kwenye boksi inaandikwa CI 75470 au carmine. Inatokana na wadudu wadogo wanaoishi kwenye dungusi kakati. Masheikh wametofautiana juu yake, kila mtu amuulize anayemwamini. Mimi roho yangu haitulii nayo, hasa kwa kitu cha mdomoni ambacho unakila bila kujua. Kwa hiyo nasoma boksi, na hapa ndipo rangi tulivu zilipokuwa neema kwangu: kahawia nyingi ni hizo oksidi za chuma alizotaja Mpambaji, na nyingine huongezewa nyekundu za viwandani. Napata za kuchagua bila shida.

La pili ni udhu. Lipstiki ya maji, ile inayokauka ikashika kutwa nzima, inaacha utando na maji yanateleza juu yake. Nimeshaiangalia kwa karibu kwenye kioo: tone linajiviringa linaanguka, mdomo chini yake mkavu. Siku za kazi kwa hiyo sipaki hiyo. Napaka penseli kidogo na zeri ya mdomo yenye rangi ya kahawia, ikifika adhuhuri naitoa kwa tishu na sabuni, nikimaliza swala napaka tena na inachukua muda mfupi tu. Lipstiki ya maji naiweka kwa shughuli za baada ya isha. Kuitoa, mafuta ya nazi. Unapaka, unaacha kidogo, unafuta, ndiyo unaosha kwa sabuni. Ukiisugua kwa maji matupu unatoa ngozi.

Binti Ngamiani

Ukhti, hili la tone nimelijaribu sasa hivi na ndivyo lilivyo. Mwenyezi Mungu akulipe.

Shangazi Chumbageni

Wanangu, nimewasoma wote nikafurahi. Mengi mnayoyajua sisi hatukuyajua. Lakini kuna mambo nataka myashike.

Testa za madukani, yaani vile vya kujaribia. Nimesimama kwenye duka moja nikaona wasichana wanapokezana lipstiki ile ile, mdomo kwa mdomo, na muuzaji anatazama. Nilisema palepale na nasema tena. Virusi vya herpesi vinavyoleta malengelenge mdomoni vinahama hivyo hivyo. Jaribu kwenye ncha ya kidole, rangi yake inakaribia mdomo kuliko mkono, au omba akukatie kipande kwa kijiti kisafi. Akikataa, ondoka. Na ya macho vilevile, brashi moja isipite macho ya watu wote.

Angalieni kile kichora cha kikopo kilichofunguka kifuniko, chenye 6M, 12M au 24M ndani. Hiyo ni miezi tangu ufungue. Aishedo ya unga huvumilia, mara nyingi 24. Maskara ni ya miezi michache tu, na kwa jicho msifanye ubahili.

Feki zipo tele. Jina kubwa, bei ya kutupa, maandishi yamekosewa herufi, hakuna namba ya toleo: hicho si kitu cha kuweka machoni. Usimamizi wa vipodozi tangu mwaka 2019 uko kwa TBS, Shirika la Viwango, zamani ulikuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Ukidhurika au ukikitilia shaka kitu, wapelekee wao, msiishie kulalamika vibarazani.

Na ule wanja wa jiwe wa kusaga, tuliorithi kwa bibi zetu. Naupenda, nimekulia nao. Lakini mara nyingi jiwe lile ni galena, lenye madini ya risasi, na risasi ni sumu, kwa watoto zaidi. Msiwapake wachanga. Penseli ya kahawia inatosha, na kwa hizo rangi zenu tulivu inapendeza kuliko.

Mwana Chuda

Shikamoo Shangazi. Tumesikia.

Shangazi Chumbageni

Marahaba mwanangu.

Msafiri wa Pemba

Jamani mimi sina uzoefu, nina msiba. Paleti yangu imepasuka kwenye boti, karameli yote imekuwa unga. Ni rangi pekee iliyonikubali, nami ni mweupe wa kuungua na jua. Kuna namna?

Mpambaji wa Makorora

Pole shoga, namna ipo. Zile rangi nyingine zifunike kwa selotepu. Karameli isagesage iwe unga kabisa kwa kijiti, mabonge yakibaki haishiki. Dondoshea spiriti ya kuulia vijidudu, ile ya famasi, kidogo kidogo mpaka iwe uji mzito. Isawazishe, acha dakika chache. Tandika kitambaa safi cha pamba juu yake, weka sarafu, kandamiza kwa nguvu, spiriti itanyonywa na kitambaa. Iache wazi mpaka kesho mahali pasipo na moto, harufu iishe kabisa. Usiipake machoni ikiwa bado inanuka. Itakuwa ngumu kuliko mwanzo, juu ikiota ngozi igonge kwa selotepu, inabanduka.