Mjadala: Muda wa majaribio ya Bahrain unatuambia nini kuhusu Ferrari na Hamilton?

Kona Kali
Wapenzi wa langalanga (Formula 1), majaribio ya uwanja wa Sakhir, Bahrain, yameisha Februari 28, 2025 na Machi 16 tunaanza Melbourne. Jedwali la siku tatu linasomeka hivi: Sainz wa Williams 1:29.348, kisha Ferrari wawili, Hamilton 1:29.379 na Leclerc 1:29.431. Williams siwahesabu, mwaka jana walimaliza wa tisa na hakuna timu inayotoka huko hadi kileleni kwa mapumziko ya miezi miwili. Ukiwatoa hao, Ferrari wameshika nafasi ya kwanza na ya pili. Russell wa Mercedes na Verstappen wa Red Bull wako nyuma yao. Swali langu: kuna sababu gani ya kutowapa Ferrari ubingwa wa 2025? Nataka hoja, ushabiki tuuweke pembeni.

Tairi Laini
Ndugu yangu, umemtoa Sainz kwa sababu muda wake haukupendezi, halafu umembakiza Hamilton kwa jedwali lile lile. Kama saa ya Sainz inadanganya, ya Hamilton imekuwa ya kweli kwa lipi? Kwa kanuni za 2025 gari linaruhusiwa kubeba hadi kilo 110 za mafuta kwenye mbio. Kila kilo 10 zinakula karibu sehemu 3 za kumi ya sekunde kwa mzunguko. Kati ya Sainz na Hamilton kuna 0.031, yaani kilo moja ya mafuta. Timu haitangazi imeweka kilo ngapi, imefungua injini kiasi gani, wala inajaribu nini. Muda bila mafuta ni kupima gunia bila kujua ndani mna mchele au mawe.

Na huyo Sainz mnayemfuta leo, mwaka jana aliongoza majaribio hapo hapo Bahrain akiwa Ferrari, 1:29.921. Wiki iliyofuata Verstappen akashinda kwa zaidi ya sekunde 22. Lakini mashabiki wa Hamilton ndio zenu, kila Februari mabingwa, Machi simu hazipatikani.

Mama Piti
Umeanza vizuri ukaharibu mwishoni. Mashabiki wa Hamilton tumekukosea nini? Mimi namfuatilia tangu 2007 alipopanda jukwaa la washindi watatu Melbourne kwenye mbio yake ya kwanza kabisa, nikiamka alfajiri wakati wengi wenu mlikuwa hamjui hata mchezo huu unachezwa na magari mangapi. Ubingwa mara saba. Hatujawahi kuzima simu.

Na hilo la majaribio kutokuwa na maana si kweli. 2019 Vettel aliongoza majaribio ya Barcelona akiwa Ferrari, akaenda akashinda Melbourne. Tunakumbuka.

Tairi Laini
Dada, hiyo ni 2018. 2019 Vettel aliongoza Barcelona kwa 1:16.221, Hamilton, wakati huo wa Mercedes, akawa wa pili kwa 1:16.224. Tofauti 0.003. Dunia nzima ikasema Ferrari wamefika. Melbourne akashinda Bottas wa Mercedes, Hamilton wa pili, na Vettel akawa wa nne, karibu dakika nzima nyuma ya Bottas. Mercedes wakachukua nafasi ya kwanza na ya pili kwenye mbio tano za mwanzo. Huo ndio mwaka ninaowaonyesha kila anayeniletea jedwali la Februari.

Mama Piti
Na 2018 bingwa mwisho wa mwaka alikuwa nani? Hamilton. Kwa hiyo tukikubali hesabu yako, Hamilton ndiye anayeshinda hata jedwali likisema vingine. Asante kwa kunisaidia.

Fundi Chuma
Naomba niingie kabla hatujapotea. Muda wa mzunguko mmoja uacheni. Tazameni mizunguko mfululizo.

Siku ya pili jioni Norris wa McLaren, Leclerc na Antonelli wa Mercedes wote walifanya zoezi la mbio kamili, takribani muda mmoja. Hapo ndipo mafuta yanapofichika kwa shida: tangu 2010 kujaza mafuta katikati ya mbio kumepigwa marufuku, kwa hiyo anayetaka kupima umbali wote wa mbio lazima aanze na tangi zito. Anaweza kupunguza nguvu ya injini, hawezi kukwepa uzito. Sasa mtazame kasi ya kila mzunguko inavyoshuka tairi likichakaa. Norris aliwaacha wote wawili, na matairi yake yalidumu. McLaren hawakuhangaika na nafasi ya kwanza kwenye jedwali kwa sababu walichokitaka walikwisha kukiona.

Njia hii ndiyo iliyowaonyesha watu Aston Martin mwaka 2023. Walikuwa wa saba 2022. Kwenye majaribio Alonso alikuwa anakwenda mizunguko mingi mfululizo na gari halichoki. Watu wakasema anaficha, au anaonyesha makali yasiyokuwepo. Akapanda jukwaa mara sita katika mbio nane za mwanzo. Kwa hiyo majaribio yanasema. Sisi ndio tunaoyauliza swali baya.

Na kuhusu madereva: kila timu inaruhusiwa gari moja tu, Hamilton na Leclerc wanapokezana. Mmoja anaendesha jua likiwaka, mwingine taa zimewashwa na lami imepoa. Ukisema Hamilton amemzidi Leclerc kwa 0.052 hujawalinganisha madereva, umelinganisha mchana na jioni.

Tairi Laini
Mkuu, wewe ni fundi wa gereji gani hasa? Naona unaeleza kana kwamba ulikuwa umekaa na wahandisi wa McLaren kando ya njia.

Fundi Chuma
Gereji yangu haihusiani na hoja. Jibu nilichoandika.

Mwana wa Muscat
Salamu kutoka Oman, Ramadhani njema kwa waliofunga. Hakuna aliyetaja hali ya hewa. Sakhir safari hii kulikuwa na baridi na upepo, hata manyunyu yalipita, jambo la nadra sana huku kwetu Ghuba. Siku ya kwanza umeme ukakatika uwanja mzima, majaribio yakasimama. Mbio yenyewe ya Bahrain imesogezwa hadi Aprili kwa ajili ya mfungo. Aprili joto la huku si la Februari. Kwa hiyo hata ukijua nani alikuwa na kasi siku zile, hujui nani atakuwa nayo pale pale wiki sita baadaye, acha Melbourne ambako lami na kona ni nyingine kabisa.

Kona Kali
Umeme ukatike Bahrain! Na sisi tunalaumiwa kila siku. Hapo ndipo ninaposema Rwanda wapewe mbio yao bila masharti mengi. Kagame alitangaza ombi rasmi Desemba pale Kigali, na Afrika haijaona langalanga tangu Kyalami, Afrika Kusini, 1993.

Tairi Laini
Swali lako la Ferrari limeishia wapi?

Mzee wa Naivasha
Vijana, mnabishania muda wa nukta kwenye lami laini. Sisi tulikua na Safari Rally. Timu kubwa za Toyota na Lancia zilikuwa zinakuja Kenya wiki nyingi kabla ya mashindano, wanazunguka barabara zetu kwa ajili ya majaribio. Hakuna aliyekuwa anauliza nani ana muda mzuri. Walikuwa wanatafuta kitakachovunjika: springi, chesisi, mkono wa usukani, rejeta ikijaa matope. Shekhar Mehta alishinda mara tano, na nne kati ya hizo ni mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Joginder Singh mara tatu. Hawa walishinda kwa kujua gari linaweza kuvumilia nini. Langalanga ni mchezo wa watu wa televisheni.

Mama Piti
Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, mimi ni mtu wa televisheni na sioni aibu. Si kila mtu alizaliwa kando ya barabara ya Safari. Nikiwa Tanga ningemwona Hamilton wapi, Chumbageni? Huo mchezo mnaotuambia wa kweli, nao ulifukuzwa kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002 ukarudi 2021. Miaka yote hiyo tuliangalia nini?

Mzee wa Naivasha
Marahaba binti. Haukufukuzwa kwa kukosa ubora, uliondolewa kwa fedha na maandalizi. Usichanganye. Na uliporudi 2021 ulifundisha somo hilo hilo. Neuville aliongoza hadi Jumapili, akiwa mbele kwa nafasi kubwa, kisha mfumo wa kuzuia mitikisiko ukavunjika kwenye hatua ya Loldia. Ogier akashinda, Katsuta wa pili. Kasi ilikuwa ya Neuville. Kombe halikuwa lake. Wiki moja baada ya hiyo Melbourne yenu wanakuja tena Naivasha, njooni muone.

Fundi Chuma
Mzee amesema jambo zito na hakuna atakayelishika. Kazi ya kwanza ya majaribio ni kuona gari linasimama au linakwenda. 2014 Red Bull walifika majaribio ya Jerez, Uhispania, wakiwa mabingwa mara nne mfululizo, wakakamilisha mizunguko 21 tu kwa siku nne. Mercedes walifanya 309. Nani alihitaji kuangalia muda? Mercedes wakatawala mwaka mzima.

Tairi Laini
Na Ricciardo wa hiyo Red Bull ya mizunguko 21 alivuka mstari wa pili Melbourne. Alinyang'anywa baadaye kwa kuzidisha mtiririko wa mafuta unaoruhusiwa kwenda kwenye injini, sawa, lakini kasi ilikuwepo. Wakamaliza mwaka wa pili na ushindi mara tatu. Kwa hiyo hata kuhesabu mizunguko kunakudanganya.

Fundi Chuma
Wa pili nyuma ya nani?

Tairi Laini
Unakwepa.

Fundi Chuma
Wewe ndiye uliyekwepa tangu nilipotaja zoezi la mbio kamili la Norris. Nimeandika aya nzima, ukaniuliza gereji. Na timu ya Brawn 2009 utasemaje? Honda wamejiondoa, timu imenunuliwa Machi, gari limefika Barcelona likaacha wote kwa mbali. Wengi wakasema wanaendesha tangi tupu wapate wadhamini. Dereva wao Button akashinda mbio sita katika saba za mwanzo, wakachukua mataji yote mawili. Walioamini saa mwaka ule ndio walioona sawa.

Tairi Laini
Brawn ilikuwa mara moja katika miaka mingi. Nami nakuambia kwa nia njema: mtu akishajua matokeo, kila jaribio lilikuwa linasema ukweli. Niambie kabla. Wewe kila mfano wako unaanzia mwisho wa msimu na kurudi nyuma.

Fundi Chuma
Basi nakuambia kabla. McLaren wa kwanza Melbourne. Ferrari hawatakuwa wa pili kwenye gridi, yaani safu ya kuanzia mbio. Russell atawasumbua. Iandike.

Mama Piti
Russell! Sasa tumefika. Mnajua kwa nini Hamilton anasemwa kaisha? Kwa sababu Russell, mwenzake wa Mercedes, alimpita kwenye kupanga gridi mwaka jana, na hakuna anayetaja kwamba Hamilton alishinda Silverstone mwaka huo huo baada ya siku zaidi ya 900 bila ushindi. Na tusisahau ubingwa wa nane alioporwa Abu Dhabi, mkurugenzi wa mbio Masi aliporuhusu magari matano tu yaliyokuwa nyuma kwa mzunguko mzima yampite...

Tairi Laini
Nilijua tu.

Mwana wa Muscat
Abu Dhabi tena? Jamani, hiyo ni 2021.

Mama Piti
Kwako ni 2021. Kwangu halijaisha, na sitaomba radhi kwa hilo.

Kona Kali
Turudi kwenye mada tafadhali. Mimi sikusema Ferrari watashinda Melbourne. Nilisema wana gari la kupigania ubingwa, na hilo bado hamjalivunja.

Tairi Laini
Uliuliza kuna sababu gani ya kutowapa ubingwa. Panda juu usome.

Kona Kali
Kupigania na kupewa vinakaribiana. Msimu una mbio 24, Ferrari watabadilisha gari mara kadhaa. Hata McLaren wa 2023 walianza vibaya sana, wakakiri wenyewe gari halikufikia malengo, na kufikia katikati ya mwaka Norris alikuwa jukwaani Silverstone.

Fundi Chuma
Sasa hapo umeongea. Lakini hilo linaua jedwali lako la kwanza kabisa. Kama gari la Julai si la Machi, muda wa Februari umekupa nini?

Mama Piti
Kwa wanaotaka kuangalia: Jumamosi kupanga gridi saa mbili asubuhi kwa saa zetu, Jumapili mbio saa moja asubuhi. Tunaofunga tunakula daku na hatulali tena. Na mimi naandika yangu hapa mbele ya wote: Hamilton atamaliza mbele ya Leclerc Melbourne. Fundi, Tairi Laini, Jumapili nitawaita kwa majina.