Draya ya Shangazi haizimi

Shangazi: Jamani naombeni msaada, draya yangu, ile mashine ya kukaushia nguo, nimeiwasha jana usiku nikalala nikijua itazima yenyewe kama siku zote, naamka alfajiri naikuta bado inazunguka!! nguo zimekakamaa kama makaratasi na nobu, kile kitufe cha kuzungusha, iko palepale nilipoiacha

Dada: Mungu wangu shangazi, usiku kucha?? ingeshika moto je

Shangazi: Ndo hofu yangu, nimechomoa plagi kabisa

Binamu: Mama hiyo ni taima, kile kifaa cha kuhesabu muda, imekufa, agiza mpya nije nifunge

Baba Mdogo: Ngojeni, msiagize kitu kwanza. Dada uliiweka upande wa dakika au wa otomatiki?

Shangazi: Otomatiki kaka, ndo ninaotumia siku zote

Baba Mdogo: Basi sikilizeni maana hapa ndo watu wanapotupa hela. Taima ya nobu ndani ina mota ndogo sana inayosukuma gia polepole, ukiweka dakika hiyo mota inapata umeme muda wote, ila ukiweka otomatiki kwenye nyingi za aina hii inapata umeme pale tu joto likishafika na themostati, yaani swichi ya joto, ikaikata hita. Sasa hita ikiwa imeungua joto halifiki, themostati haikati, taima inasubiri tu, hata ukiiacha mpaka kesho haisogei. Mtu ananunua taima mpya anafunga tatizo liko vilevile

Mimi: Duh hii sikuwahi kuijua

Baba Mdogo: Nguo ulizikuta na joto au baridi?

Shangazi: Moto kabisa, vifungo vya shati vilinichoma

Baba Mdogo: Basi hita ni nzima. Fanya hivi, toa nyuzinyuzi zote kwenye chujio, weka upande wa dakika, 40, chora alama ya penseli kwenye ncha ya nobu halafu kaa hapohapo usiondoke. Nusu saa inatosha

Dada: Na uangalie bomba la nyuma shangazi, likiziba hewa haitoki

Shangazi: Bomba safi. Nimekaa nusu saa nzima na kiti changu, alama haijasogea hata unywele

Baba Mdogo: Pole dada. Sasa ni taima kweli, maana kwenye dakika haina cha kusubiri. Chomoa plagi, mwanao aje na mita ya kupimia umeme, afungue paneli ya juu, atoe waya mmoja wa ile mota ndogo apime omu, yaani ukinzani wake

Binamu: Niko hapa baba mdogo. Nimechomoa plagi nimeiweka mbele yangu kabisa niione. Mita inaandika OL, nimejaribu mara tatu

Baba Mdogo: OL maana yake umeme haupiti kabisa, koili, ule waya uliozungushwa ndani ya mota, imekatika. Nyingi zikiwa nzima zinasoma kama omu 2,000 mpaka 3,000 hivi. Umefanya vizuri kupima, sasa agizeni. Namba iko imechapwa kwenye taima yenyewe na namba ya mashine iko kwenye fremu ya mlango, tuma zote mbili

Shangazi: Jirani ana ya zamani ya draya yake anasema nichukue, naona zinafanana kabisa

Baba Mdogo: Hapana dada, mshukuru ila usiifunge. Kwa nje zinafanana, ndani vile visahani vinavyofungua na kufunga njia za umeme vimekatwa tofauti, unaweza kukuta hita inawaka wakati inatakiwa kupoa. Namba ifanane

(siku nne baadaye)

Binamu: Taima imefika namba ni ileile. Naanza kuchomoa waya

Baba Mdogo: USICHOMOE ZOTE. Piga picha kwanza, kisha shika mpya ubavuni mwa ile ya zamani zielekee upande mmoja, hamisha waya mmoja mmoja, huu unatoka hapa unaingia palepale kwenye mpya ndo uende wa pili. Na shika kile kichuma kwa plaisi usivute waya, utaung'oa

Binamu: Sawa. Ila kuna mmoja mwekundu mnene kichuma chake kimekuwa cha kahawia, plastiki yake imelainika kama nta na inanuka

Baba Mdogo: Aisee vizuri umeona, huo utakuwa wa hita ndo unaobeba umeme mwingi. Kililegea kikawa kinachemka. Usikirudishe hivyohivyo kwenye taima mpya, kitaiunguza na yenyewe. Kata mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa, bana kichuma kipya cha kuhimili joto, kikiingia kiwe kigumu kuchomoka

Mimi: Mbona nimekaa roho juu kama mechi vile

Binamu: Nimebana kipya, kimekaza. Waya zote ziko sawasawa na picha. Nafunga paneli

Baba Mdogo: Weka dakika 20, mlete mama akae hapo na penseli yake

Shangazi: Nipo. Tena ukiweka sikio kwenye paneli kuna kasauti kembamba kanavuma ndani, mwanzo hakakuwepo

Baba Mdogo: Ndo mota yenyewe hiyo dada

Dada: Vipi huko??

Shangazi: Alama imesogea

Shangazi: Imelia tak imezima yenyewe!! nobu iko kwenye ofu. Asante sana kaka yangu, asante mwanangu, na usiku siwashi tena nikaenda kulala