Naombeni ushauri: niandike kabila la uongo ili binti yangu apate kitambulisho?

Ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Mimi ni Mmaragoli wa Kigumba, wilaya ya Kiryandongo, hapa Uganda. Babu alitoka Kenya magharibi miaka ya 1950, akafyeka pori, akazikwa hapa. Baba alizaliwa hapa 1958, mimi 1984. Kenya sijui hata nyumba moja ya kufikia.

Binti yangu kamaliza shule, anataka kitambulisho cha taifa. Bila namba ya kitambulisho hicho hasajili laini ya simu wala hapati pasipoti. Tumerudishwa mara mbili. Katiba ya 1995 inamtambua raia wa kuzaliwa kwa makabila yaliyokuwa ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926, na kwenye orodha ile sisi hatumo.

Afisa mmoja kaniambia kwa upole, "Mzee, andika Mnyoro, yaishe," maana Wanyoro wamo kwenye orodha. Jirani zangu kadhaa wamefanya hivyo na siwalaumu, mtoto ni mtoto. Lakini mama yangu yu hai. Nitamwambiaje kwamba mjukuu wake si Mmaragoli tena? Na uongo huo ukigundulika baadaye?

Katiba hiyo ina kifungu cha kusajiliwa kuwa raia kwa waliozaliwa hapa na kuishi mfululizo tangu tarehe 9 Oktoba 1962. Baba anaingia hapo, mimi nimezaliwa baadaye. Je, baba akisajiliwa, mimi na binti tunafaidika? Aliyepitia njia hii anieleze alianzia wapi, kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) au kwa wakili?