Mrejesho: Yule niliyewaonea wivu wenzangu waliofanikiwa

Wapendwa, nimerudi kama nilivyoahidi. Ni mimi niliyeuliza kama Mungu amenisahau, maana niliosoma nao wana vyeo na mimi niko palepale, hadi ibadani nilikuwa naondoka kabla ya salamu.

Asanteni. Aliyenielekeza Zaburi ya 73, ubarikiwe sana. Kumbe hata Asafu, mtunzi wa zaburi hiyo, alikiri kwamba nusura miguu yake iteleze kwa wivu! Ila yeye aliwaonea wivu waovu. Wenzangu ni watu wema tu, na hapo ndipo paliponiuma. Zaburi hiyo nimeigeuza kuwa sala ya asubuhi.

Ushauri wa kuacha mitandao ulinishinda siku ya 4. Wa kubaki baada ya ibada nimeufuata. Jumapili iliyopita mmoja wa wenzangu hao akaniuliza, "Siku hizi uko wapi?" Viganja vikalowa jasho. Nikajibu, "Kazi ileile." Akasema, "Haya, nishikie upande huu," tukabeba benchi.

Ushauri wa kuwaombea wenzangu kwa majina bado unanishinda. Nimefika jina la pili. Wivu haujaisha, lakini usingizi umerudi.