Kifaa cha umeme kwa kifafa kisichosikia dawa: kinaponya au kinapunguza?

Dada_wa_Pili aliuliza:

Naomba msaada wa wenye ujuzi. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 24 na amekuwa na kifafa tangu akiwa na miaka 9. Ametumia dawa nne, mojamoja na kwa kuchanganywa, wala hakosi dozi kwa kuwa ninampa mwenyewe asubuhi na jioni, lakini bado hushikwa mara mbili au tatu kwa wiki. Si kila mara huanguka. Mara nyingi hunyamaza ghafla katikati ya maneno, akakodoa macho pasipo kuona, na vidole vya mkono wa kushoto vikaanza kupapasa kifungo cha shati kana kwamba kimelegea. Baada ya dakika moja hivi huuliza tulikuwa tunazungumza nini. Daktari ametaja kifaa cha umeme kinachopandikizwa mwilini. Mama alipolisikia neno umeme alikataa katakata, akidhani ni ule wanaopewa wagonjwa wa akili. Je, kifaa hicho kinaponya, na akishawekewa ataacha dawa?

Muuguzi_wa_Neva alijibu:

Dada, pole kwa kuuguza. Mwambie mama kwamba hayo ni matibabu mawili tofauti kabisa. Ule umeme anaoufikiria hutolewa mgonjwa akiwa amelazwa usingizi, kwa kusudi la kuleta degedege fupi. Huu ni mkondo mdogo mno unaopita kwa vipindi, mchana na usiku, mtu akiendelea na shughuli zake, na kusudi lake ni kuzuia degedege.

Kifafa huitwa sugu pale dawa mbili zilizochaguliwa vyema na kutumiwa ipasavyo zinaposhindwa, na hali hiyo huwapata takriban theluthi moja ya wagonjwa. Kwa hiyo, mdogo wako alipaswa kufanyiwa uchunguzi mpana tangu dawa ya pili iliposhindwa, si ya nne.

Vifaa vinavyotumika zaidi ni vitatu. Kikongwe chao, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1997, hakigusi ubongo: waya huzungushwa kwenye neva ya vagasi, inayounganisha ubongo na viungo vya ndani, upande wa kushoto wa shingo, na betri hukaa chini ya ngozi ya kifua. Cha pili hupeleka elektrodi mbili, yaani nyaya nyembamba za kupitishia umeme, hadi sehemu ya mbele ya thalamasi, kituo kinachopitisha taarifa nyingi za ubongo. Utafiti wake ulihusisha wagonjwa 110: katika miezi ya mwanzo, mishtuko ya kifafa ilipungua kwa takriban asilimia 40 kwa waliowashiwa kifaa na asilimia 15 kwa ambao kilikuwa kimezimwa bila wao kujua. Kwa waliofuatiliwa hadi mwaka wa tano, upungufu ulifikia asilimia 69. Cha tatu, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2013, huwekwa kwenye fuvu, husikiliza umeme wa ubongo na kurusha mkondo pale tu kinapohisi mshtuko unaanza, lakini ni lazima chanzo, yaani mahali mishtuko inapoanzia, kijulikane na kisizidi sehemu mbili.

Kwa ufupi, vinapunguza, na vinapunguza polepole, mwaka hadi mwaka. Wanaopona kabisa ni wachache, na dawa huendelea, ingawa huenda dozi ikapunguzwa.

Lakini swali ambalo ningetangulia kuuliza ni lingine: je, wamechunguza kama anafaa kuondolewa chanzo chenyewe kwa upasuaji? Huko kukodoa macho na kupapasa kifungo huonekana sana kwa wenye kifafa kinachoanzia sehemu ya pembeni ya ubongo, karibu na sikio. Katika utafiti wa mwaka 2001 uliohusu kifafa cha aina hiyo, wagonjwa 80 waligawanywa kwa kura. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 58 ya waliopangiwa upasuaji hawakuwa tena na mishtuko ya kupoteza fahamu, dhidi ya asilimia 8 ya waliobaki na dawa pekee. Kifaa hakijafika huko. Ni cha yule ambaye chanzo chake hakionekani, kiko sehemu nyingi, au kimekaa mahali pasipokatika, kama penye usemi.

Msomaji_wa_Sauti alijibu:

Nina kifaa cha shingoni kwa mwaka wa sita sasa. Nilikuwa nikishikwa kama mara kumi na mbili kwa mwezi. Sasa ni nne au tano, na mabadiliko hayo yalichukua zaidi ya mwaka kuonekana. Kila baada ya dakika tano huwaka kwa sekunde 30 na sauti yangu hukwaruza. Nikisoma kwa sauti mbele ya watu, hutua kwenye nukta iliyo karibu na kungoja kipite. Nina pia sumaku mkononi, ambayo mke wangu huipitisha juu ya kifua anapoona naanza, na mara nyingine mshtuko hukatika.

Tahadhari moja: niliwahi kwenda kutibiwa bega, mhudumu akataka kunipasha joto kwa mashine ya mawimbi bila kuniuliza kitu. Mashine hizo zinaweza kuchemsha waya na kuunguza neva. Atembee na kadi ya kifaa siku zote.

Mzee_wa_Hoja alijibu:

Niongeze kuhusu kile cha thalamasi. Katika utafiti uliotajwa, waliowashiwa kifaa walilalamikia sonona na usahaulifu kuliko wenzao. Kama kijana amewahi kuwa na huzuni ya muda mrefu, isemwe mapema, kabla ya kuchagua.

Dada_wa_Pili aliandika:

Nimewasomea wazazi yote haya. Mama bado anasita, lakini amekubali tuulizie kwanza uchunguzi wa upasuaji. Nikimrekodi kwa simu kabla ya miadi, nirekodi nini hasa?

Muuguzi_wa_Neva alijibu:

Anza mara tu anaponyamaza, mwili wote uonekane, mikono isifunikwe na shuka. Mwite jina, mwambie ainue mkono, na mpe neno moja la kukumbuka. Usizime anapozinduka: mwonyeshe kalamu umwulize ni kitu gani, kwa sababu muda anaochukua kulipata jina hilo huwasaidia madaktari kukisia mshtuko ulianzia upande upi.