Mrejesho: matumbawe yaliyojifunga katika tangi langu la lita 60, Goma

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza kwa nini matumbawe laini ya tangi langu la viumbe wa baharini yalikuwa yamejifunga na konokono wawili walikuwa wamekufa, ilhali nilikuwa nikijaza tangi kila asubuhi. Mlinijibu kwamba maji yanapokauka chumvi hubaki, na mlikuwa na haki kabisa.

Tangi hupoteza karibu nusu lita kwa siku, nami nilirudishia maji yaliyokwisha kutiwa chumvi, gramu 35 kwa lita, hata kipimo cha chumvi (uzito wa maji ukilinganishwa na maji matamu) kikapanda kutoka 1.025 hadi 1.032. Kwa kuwa mlinionya nisiishushe chumvi kwa ghafla, nilitoa lita moja na nusu kila siku na kuweka maji matamu badala yake, kwa muda wa siku tisa, mpaka kipimo kikarudi mahali pake. Matumbawe yalianza kufunguka siku ya sita, na furaha niliyoipata siwezi kuificha.

Maji ya mvua nimeyaacha. Hapa kwetu moshi wa volkano ya Nyiragongo huyatia asidi, nayo yakipita juu ya mabati huweza kuchukua zinki, ambayo huwadhuru konokono na matumbawe. Sasa natumia maji yaliyochujwa kwa mtambo wa utando, yaani ngozi nyembamba inayopitisha maji na kuzuia chumvi na uchafu.

Linalonisumbua bado ni umeme. Unapokatika usiku nawasha pampu ndogo ya hewa ya betri, lakini joto hushuka chini ya nyuzi 25, hivyo nafunika tangi kwa blanketi pande tatu.